Nani Mwenye Barabara? Paris, Skuta za Umeme na Sheria Iliyochelewa

Mwishoni mwa Agosti 2023 jiji la Paris liliondoa katika barabara zake skuta za umeme za kukodi zipatazo 15,000, ambazo wakazi wake walikuwa wameishi nazo kwa miaka mitano, na uamuzi huo, uliotokana na kura ya wakazi wenyewe, umeendelea kutajwa kila mahali ambapo mamlaka za miji zinajadili namna ya kusimamia vyombo vidogo vya usafiri. Skuta inayozungumziwa hapa si pikipiki ndogo ya kukalia, bali ni ubao mwembamba wenye magurudumu mawili madogo, usukani mrefu upande wa mbele, mota ya umeme na betri, ambao mpandaji husimama juu yake na kwenda kwa mwendo wa takriban kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Jambo linalostahili kuchunguzwa katika habari hii si chombo chenyewe, kwani chombo hicho hakina dosari kubwa kuliko baiskeli au pikipiki, bali ni mpangilio wa mambo: biashara ilitangulia, madhara yakafuata, sheria ikaja mwisho, na ilipokuja iliikuta hasira ya watu imekwisha kukomaa kiasi kwamba hata usimamizi mzuri haukuweza kuituliza.

Skuta hizo zilianza kuonekana Paris katikati ya mwaka 2018, zilipoletwa na kampuni ya Lime ya Marekani, na katika muda wa mwaka mmoja hivi kampuni zilizokuwa zikishindana katika jiji hilo zilifikia 12 na skuta zao zikakadiriwa kufika 20,000. Utaratibu wa biashara yao ulikuwa mwepesi: mteja alipakua programu ya kampuni katika simu yake, akaitumia kusoma msimbo uliobandikwa kwenye usukani, skuta ikafunguka, akatozwa ada ya kuanzia pamoja na malipo ya kila dakika, na alipofika aendako akashuka na kuiacha papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na kituo wala mtu wa kumkabidhi. Urahisi huo wa kuacha chombo popote ndio uliovutia wateja, na ndio huohuo ulioleta ugomvi, kwa maana gharama ya maegesho, ambayo mwenye teksi na mwenye basi huilipa kwa namna moja au nyingine, kwa kampuni hizi ilibebwa na njia ya waenda kwa miguu. Zaidi ya hayo, katika biashara ya namna hii mteja huchukua skuta iliyo karibu naye bila kujali sana ni ya nani, kwa hiyo kila kampuni ilisukumwa kumwaga skuta nyingi iwezekanavyo katika mitaa yenye watu wengi ili yake ndiyo ikutwe kwanza. Msongamano ulioonekana katikati ya Paris haukutokana na uzembe wa wateja peke yao. Ulikuwa sehemu ya hesabu za biashara.

Walioumia mapema zaidi ni wale ambao hawakuwa na haja na skuta hata kidogo. Mtu asiyeona, anayetembea kwa msaada wa fimbo nyeupe, huijua njia yake kwa kumbukumbu ya vitu visivyohama, yaani nguzo, ukingo wa barabara, mlango wa duka na kona ya jengo, na kwake yeye chombo cha chuma kilichoangushwa katikati ya njia asubuhi, kikahamishwa mchana na kulazwa mahali pengine jioni, ni hatari isiyoweza kujifunzwa. Mzee anayeburuta mguu, mtu wa kiti cha magurudumu na mzazi anayesukuma kigari cha mtoto walilazimika kushuka barabarani, katikati ya magari, ili kuipisha mali ya kampuni iliyolala bila kulipiwa katika nafasi iliyojengwa kwa kodi zao. Watetezi wa skuta walizoea kusema kwamba magari yaua watu wengi zaidi na kuchukua nafasi kubwa zaidi, na usemi huo ni wa kweli kabisa. Lakini ukweli huo haukumpa mtu yeyote ruhusa ya kuichukua ile sehemu ndogo ya barabara ambayo mwenda kwa miguu alikuwa amebakiziwa.

Kwa nini jiji halikuzuia mapema? Sheria ya Ufaransa ya wakati huo haikukijua chombo cha namna hii: hakikuhesabiwa kuwa gari, hakikuhesabiwa kuwa baiskeli, wala hakikuweza kuchukuliwa kuwa mchezo wa watoto, na halmashauri ya jiji haikuwa na msingi ulio wazi wa kudai kibali kwa kampuni iliyotaka kuweka vyombo vya kukodisha katika barabara za umma. Katika mwaka 2019 jiji, likiongozwa na meya Anne Hidalgo, lilianza kutoza faini ya euro 135 kwa anayeendesha skuta katika njia ya waenda kwa miguu na euro 35 kwa inayoegeshwa ovyo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali kuu ilitoa kanuni za nchi nzima zilizoweka mwendo wa juu wa kilomita 25 kwa saa, umri wa chini wa miaka 12, na marufuku ya kupakizana watu wawili katika ubao mmoja. Hata hivyo hatua iliyogusa mzizi wa tatizo ni sheria kuu ya usafiri iliyopitishwa Desemba 2019, ambayo iliziruhusu mamlaka za miji kudai kibali cha kutumia eneo la umma na kuweka masharti juu yake, kwa sababu hapo ndipo jiji lilipopata kwa mara ya kwanza uwezo wa kusema ni kampuni ngapi, skuta ngapi, na ziegeshwe wapi.

Uwezo huo ulitumika haraka. Mwaka 2020 jiji lilikamilisha zabuni, yaani shindano la wazi ambapo kampuni huwasilisha maombi na kupimwa kwa vigezo vilivyowekwa, na kampuni tatu zikachaguliwa: Lime kutoka Marekani, Dott iliyokuwa na makao yake Uholanzi na Tier ya Ujerumani, kila moja ikiruhusiwa kuweka skuta 5,000. Jiji lilitenga maeneo ya kuegeshea yapatayo 2,500, mengi yakikatwa kutoka katika maegesho ya magari, na mteja akatakiwa kuirudisha skuta katika eneo mojawapo na kuthibitisha kwa picha, la sivyo malipo yake yaliendelea kuhesabiwa. Mwezi Juni 2021 mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea usiku kando ya mto Seine aligongwa na skuta iliyobeba watu wawili na baadaye akafariki, na kifo hicho kiliitikisa nchi nzima. Ilipofika Novemba ya mwaka huo, mwendo wa skuta za kukodi ulipunguzwa hadi kilomita 10 kwa saa katika maeneo yapatayo 700 yenye watu wengi.

Upunguzaji huo wa mwendo ulifanywa kwa njia inayohitaji maelezo kidogo, kwa sababu kampuni na mamlaka nyingi huitaja kana kwamba inamaliza kila tatizo. Skuta ya kukodi huwa na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti kinachoijulisha kompyuta ya kampuni mahali ilipo, na kompyuta hiyo ina ramani iliyochorwa mipaka isiyoonekana barabarani. Skuta inapovuka mpaka na kuingia eneo la mwendo mdogo, mota yake hupunguzwa nguvu bila mpandaji kufanya lolote, na inapoingia eneo lililokatazwa kabisa huzimwa. Mfumo huu ni wa manufaa kweli katika bustani kubwa, uwanja wa makumbusho au mtaa mzima, lakini mawimbi ya setilaiti hukosea kwa mita kadhaa, na hukosea zaidi katikati ya majengo marefu yanayoyarudisha, ilhali njia ya waenda kwa miguu na barabara ya magari hutenganishwa na ukingo mmoja tu wa zege. Kwa maneno mengine, mfumo wa kawaida wa setilaiti huweza kujua kwamba skuta imefika katika mtaa fulani, lakini hauwezi kutegemewa kujua kama mpandaji wake yuko barabarani au yuko mahali anapotembea bibi kizee na mjukuu wake, na hilo la pili ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote.

Katika mwaka 2022 watu 3 walifariki Paris na zaidi ya 400 walijeruhiwa katika ajali zilizohusu skuta na vyombo vya jamii yake. Vibali vya kampuni tatu vilikuwa vinakaribia kwisha, na badala ya kuamua yenyewe, halmashauri ya jiji iliwaita wakazi tarehe 2 Aprili 2023 wajibu swali moja, la kuafiki au kukataa skuta za kukodi. Waliokataa walikuwa asilimia 89 ya waliopiga kura, ushindi ambao katika siasa za kawaida huwa nadra sana. Lakini waliojitokeza walikuwa takriban 103,000 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 1.3 walioandikishwa, yaani asilimia 7 na nusu hivi. Kura ilipigwa siku moja, katika vituo vichache kuliko vya uchaguzi mkuu, na haikuwezekana kuipiga kwa njia ya mtandao, jambo ambalo kampuni zililalamikia kwa kuwa wateja wao wengi ni vijana, hata zikawahimiza kwa matangazo na safari za bure wafike vituoni.

Wapo waliosema kwamba matokeo ya watu wachache kiasi hicho hayana uzito, lakini hoja hiyo haina nguvu inayodhaniwa. Hakuna mpiga kura aliyeandikishwa aliyezuiwa kwenda kituoni, vibali vilikuwa mali ya jiji na muda wake ulikuwa unakwisha kwa mujibu wa mkataba, na meya aliahidi mapema kwamba atafuata jibu lolote litakalotolewa. Paris ilitumia tena utaratibu huo Februari 2024 kuhusu ada ya maegesho ya magari makubwa na mazito, na waliojitokeza walikuwa wachache zaidi, takriban asilimia 6. Upungufu wa kweli wa kura ya 2023 ulikuwa katika swali lenyewe, ambalo lilimtaka mkazi achague kati ya kuendelea na hali aliyoichoka na kuiondoa kabisa, bila kumpa nafasi ya kusema kwamba anazitaka skuta zikiwa chache zaidi, zikiwa na vituo vya kudumu, au zikiwa katika vitongoji na si katikati ya jiji. Watu wanapoulizwa swali la namna hiyo baada ya miaka mitano ya kukwepa vyuma njiani, jibu lao linatabirika.

Matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini. Kilichoondolewa Paris ni skuta za kukodi, zile ambazo kufikia mwaka 2023 zilikuwa na idadi iliyowekewa ukomo, mwendo unaoweza kupunguzwa kutoka mbali, maegesho maalumu na kampuni inayojulikana ya kushtakiwa. Zilizobaki ni skuta za watu binafsi, ambazo katika Ufaransa nzima ziliuzwa zaidi ya 700,000 katika mwaka 2022 pekee, ambazo hakuna ramani inayozipunguza mwendo, na ambazo baadhi huondolewa kizuizi cha mwendo na wenyewe ili ziende kasi kuliko sheria inavyoruhusu. Ni kweli kwamba mwenye skuta yake haiachi njiani, huikunja na kuipandisha nyumbani, kwa hiyo tatizo la maegesho lilipungua sana. Lakini tatizo la mwendo na la kupanda juu ya njia ya waenda kwa miguu lilibaki kwa askari na faini. Serikali kuu ilionekana kulitambua hilo, kwani kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 umri wa chini wa kuendesha skuta ulipandishwa kutoka miaka 12 hadi 14, na faini ya kupakizana ikaongezwa kutoka euro 35 hadi euro 135.

Swali lililoulizwa mara chache kuliko inavyostahili ni hili: skuta hizi zilikuwa zikiusaidia usafiri wa umma au zilikuwa zikiunyang'anya abiria? Kampuni zilijinadi kwa hoja ya kilomita ya mwisho, yaani kipande cha safari kati ya kituo cha treni au basi na nyumbani kwa abiria, ambacho ni kirefu kwa miguu na kifupi kwa basi. Hoja hiyo ni nzuri katika vitongoji, ambako vituo viko mbali, lakini Paris ya katikati ina metro ambayo vituo vyake viko karibu sana kimoja na kingine, na uchunguzi uliofanywa kwa wapandaji wa jiji hilo ulionyesha kwamba sehemu kubwa yao wangetembea kwa miguu au wangepanda usafiri wa umma kama skuta isingekuwapo. Skuta inapochukua nafasi ya gari, mazingira hufaidika. Inapochukua nafasi ya miguu, hayafaidiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani walionyesha mwaka 2019 kwamba umeme unaoiendesha skuta ni sehemu ndogo tu ya madhara yake kwa hali ya hewa, na kwamba mzigo mkubwa hutokana na utengenezaji wake na magari yanayozunguka kuzikusanya ili zichajiwe, hivyo skuta inayodumu muda mfupi huweza kuwa na madhara makubwa kwa kila abiria kuliko basi lililojaa. Kampuni zilitengeneza baadaye skuta imara zaidi na zenye betri za kubadilisha, na hali ikawa bora, lakini zilifanya hivyo baada ya kubanwa na vigezo vya zabuni.

Upande mwingine wa uhusiano wa skuta na usafiri wa umma umetokea ndani ya mabehewa. Mwezi Novemba 2021 skuta ya mtu binafsi ilishika moto ndani ya treni ya chini ya ardhi ya London katika kituo cha Parsons Green, behewa likajaa moshi, na tarehe 13 Desemba mwaka huo mamlaka ya usafiri ya jiji hilo ikapiga marufuku skuta za binafsi katika treni, mabasi na vituo vyake vyote, faini ikiwa ni hadi pauni 1,000. Barcelona ilifuata Februari 2023 baada ya skuta kulipuka ndani ya treni Novemba iliyotangulia, na Madrid ikafanya hivyo Novemba 2023 baada ya tukio kama hilo katika metro. Sababu ni asili ya betri za lithiamu, ambazo hubeba nishati nyingi katika umbo dogo: seli moja ikiharibika kwa kupigwa, kuingia maji, kuchajiwa kwa chaja isiyofaa au kutengenezwa vibaya, joto lake hupanda na kuichoma seli ya jirani, nayo huichoma inayofuata, mpaka betri nzima hulipuka kwa moto unaojitengenezea hewa yake na moshi wenye sumu. Moto wa namna hiyo katika uwanja wa wazi ni hasara ya mali. Katika handaki lenye mamia ya abiria ni jambo jingine. Marufuku hizo zilikuwa za haki, lakini zilikata uzi uleule ambao hoja ya kilomita ya mwisho ilikuwa imeutegemea, kwa kuwa mtu asiyeweza kuingia na skuta katika treni hawezi kuitumia katika miisho yote miwili ya safari yake, isipokuwa kituo kiwe na mahali salama pa kuiacha. Tiba yake iko kiwandani na forodhani, katika viwango vya ubora wa betri na ukaguzi wa bidhaa zinazoingizwa nchini, kuliko ilivyo katika lango la kituo.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. Ujerumani ilitunga kanuni kabla skuta hazijaenea, zikaanza kutumika Juni 2019: kila skuta, iwe ya kampuni au ya mtu binafsi, iwe na bima na bamba dogo linaloithibitisha, isizidi kilomita 20 kwa saa, na mpandaji awe na umri usiopungua miaka 14. Bamba hilo ni dogo lakini maana yake ni kubwa, kwa sababu aliyegongwa anajua wa kumdai. Miji ya Ujerumani haikuepuka fujo ya maegesho, na mjini Cologne mamia ya skuta yalitupwa katika mto Rhine, lakini dai la mtu aliyeumizwa lilikuwa na mlango wa kupita. Italia ilikuja kudai bima, bamba na kofia ngumu katika marekebisho ya sheria za barabarani ya Desemba 2024. Uingereza imebaki katika hali isiyoridhisha, ambapo majaribio ya skuta za kukodi yaliyoanza Julai 2020 yameongezewa muda mara kadhaa, huku skuta za binafsi zikiuzwa madukani kihalali na kukatazwa katika barabara za umma. Melbourne, nchini Australia, iliamua Agosti 2024 kuziondoa za kukodi, na Madrid ikaziondoa Oktoba ya mwaka huohuo.

Afrika Mashariki haikuingiliwa na skuta za kukodi kwa kiasi hicho, lakini swali lenyewe inalijua kwa muda mrefu kupitia bodaboda. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 na pikipiki zikafurika kabla sheria ya kuzisimamia haijakaa sawa. Tanzania ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010, wakati zilikuwa zimekwisha kuenea mitaani. Hata hivyo bodaboda zilijitengenezea jambo ambalo Paris ililinunua kwa gharama kubwa, nalo ni kijiwe: mahali panapojulikana, penye uongozi, penye orodha ya madereva wanaofahamiana, na panapoweza kuulizwa pale abiria anapoumizwa. Vijiwe vilivyo karibu na vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, tangu mabasi hayo yalipoanza kazi mwaka 2016 katika njia ya Kimara, ndiyo kilomita ya mwisho yenyewe, ingawa havikuchorwa katika ramani ya mhandisi yeyote. Kigali imekwenda mbele zaidi, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini humo ni za umeme pekee, na vituo vya kubadilishia betri vimekuwa sehemu ya miundombinu ya jiji.

Vyombo vya umeme vya magurudumu mawili vitaendelea kuingia Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, vingine vya kukodi kwa simu, na halmashauri za miji hiyo zina nafasi ambayo Paris haikuwa nayo mwaka 2018. Inafaa ziandike sasa masharti ya kibali, bamba, bima, viwango vya betri na maeneo ya kuegeshea karibu na vituo vya mabasi, ziwaite mezani watu wasioona na wenye ulemavu wa viungo wakati masharti hayo yanaandikwa, na zikatae kuipokea kampuni yoyote itakayotaka kuanza kazi kwanza na kuzungumza baadaye.